Bundi wa Ngezi na Fungate Yangu ya Pili



Msimu wa harusi ukikaribia, swali linalonijia zaidi ni moja: "Dada, fungate ikisha, twende wapi?" Wengi wenu mnauliza hoteli za ufukweni, na mimi sina neno na ufukwe, sisi watoto wa visiwani tumezaliwa nao. Lakini leo nataka nikuelezeni mahali ambapo biharusi hatajiwi: msituni. Kwa miguu, nyuma ya mtembezaji anayeujua msitu, na suruali chini ya dira.

Msitu wenyewe ni Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, ukitoka Konde kwa njia ya Makangale. Nilikwenda siku ya nane ya ndoa yangu ya pili. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na binti yake wa miaka tisa ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajanambia neno zaidi ya kuitikia salamu.

Walioolewa mara ya pili watanielewa. Harusi ya mtu aliyeachika huwa ya kimya. Hakuna ngoma ya wiki nzima, somo hakai nawe ndani, hina ni ya mikono tu. Hayo hayakunisumbua. Nilitoka Unguja na begi moja na moyo mweupe, alhamdulillah. Kilichokuwa kikinikosesha usingizi ni yule mtoto.

Mama yake alifariki mwaka mmoja na nusu kabla sijaingia nyumba ile. Nilipofika, boti ya Mkoani bado ikinizungusha kichwani, alinipa mkono, akaitikia salamu, akaenda kukaa nyuma ya bibi yake. Siku saba nilizokaa ndani, yeye ndiye aliyekuwa akileta sinia la chakula. Analiweka chini, anabisha hodi, na nikifungua mlango ameshaondoka. Mavyaa wangu akaniambia, "Mwache. Mtoto haitwi kama kuku."

Wifi yangu ndiye aliyenieleza lililobaki, tukichagua mchele. Usiku aliofariki marehemu, bundi alilia kwenye mwembe wa uani. Kesho yake, msibani, mtu mzima mmoja akalitaja hilo mbele ya mtoto: kwamba bundi yule ndiye aliyekuja kumchukua mama yake. Tangu hapo, jua likishazama, mtoto hatoki uani peke yake. Hata kwenda chooni lazima asindikizwe.

Mama wa kambo na bundi, nikawaza, sote tuna hadithi zilizotutangulia.

Siku ya nane mume wangu akasema twende tukatembee Ngezi. Mtoto alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kuona popo wakubwa. Tukaswali alasiri Konde, tukachukua gari, tukafika ofisi ya msitu. Tulilipa kiingilio, tukapewa mtembezaji, mtu wa makamo, mwenyeji wa huko huko. Alitazama viatu vyetu kwanza kabla ya nyuso zetu.

Kwa msiopajua, Ngezi si kichaka. Hekta zake ni kama 1,440 katika eneo la asili la hifadhi, na ndio mabaki ya msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya Pemba zamani. Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, na ukiingia Ngezi unaiona mvua hata siku ambayo hainyeshi: ardhi ina unyevu, magogo yamevaa kijani, kangaga zimeota hadi juu ya matawi. Nje kulikuwa na jua la kuchoma. Hatua hamsini ndani, mwanga ukawa kama wa chumba chenye mapazia.

Mtembezaji alianza na miti mikubwa. Mvule, ambao wengi wetu tunaujua kwa milango na makabati ya mahari, lakini tulikuwa hatujawahi kuuona ukiwa hai, umenyooka hadi shingo iume. Mtondoo, mti wa majahazi. Mjoho, ambao sikuwahi hata kulisikia jina lake. Baina ya miti hiyo zimening'inia kamba za mimea ya kutambaa, nene kama amari za jahazi.

Nikamuuliza, msitu mwingine wote ulikwenda wapi? Akacheka. "Umeingia kwenye karafuu, bibi." Katika karne ya 19 watu walifyeka misitu wapande mikarafuu. Halafu mwaka 1872 kikaja kimbunga kikubwa kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, ambayo haikuumia kiasi hicho, ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Kila shamba jipya likala kipande cha msitu. Na mkarafuu wenyewe ni mgeni, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia. Leo nani atamwambia Mpemba kwamba mkarafuu si wa kwao?

Mume wangu hakuiacha fursa ile. Akamwomba mtembezaji atusimulie habari ya kima punju. Nyote mnawajua, wale wekundu wa Jozani ambao asili yao ni Unguja peke yake. Miaka ya 1970 walikamatwa wachache Jozani wakaletwa Ngezi, na miongo kadhaa baadaye watafiti waliwakuta bado wapo, kikundi kidogo. "Umeona?" mume wangu akanambia. "Hata kima wa Unguja wamekaa Pemba." Nikamwambia kima hawakuulizwa. Nyuma yangu nikasikia pumzi fupi puani, kama ya mtu anayezuia kicheko. Sikugeuka.

Hapa nikwambieni jambo nililolipenda msituni, na ndilo lililonifanya niandike. Njia ni nyembamba. Mnakwenda mmoja mmoja, nyote mnatazama mbele. Nyumbani, mtu mgeni na mtoto aliyefiwa wanakabiliana uso kwa uso: kwenye sinia, mlangoni, mkekani. Kila mtazamo ni mtihani. Msituni hakuna anayemtazama mwenzake. Macho yako kwenye mizizi, masikio yako kwa mtembezaji, na kimya si ugomvi tena, ni adabu ya mahali. Mtoto alipumzika na mimi, na mimi nikapumzika na yeye.

Neno la kwanza alilonambia halikuwa tamu. "Weye, usikanyage hapo!"

Mguu wangu ulikuwa hewani. Chini yake palikuwa na mstari mweusi unaotembea, siafu, mpana kama mkanda. Nikaruka. Mtembezaji akamsifu mtoto kwa jicho kali, na yeye akanionesha mahali pa kukanyaga: hapa, halafu hapa. Kuanzia hapo akawa mbele yangu badala ya nyuma. Akaanza kutaja vitu, si kwangu hasa, ila kwa sauti ambayo mimi naisikia. Mnazi mwembamba uliosimama na wenzake kwa kundi, shina lina pete pete, akasema, "Huo mpapindi." Mtembezaji akaongeza kwamba mpapindi kwa asili uko Pemba tu, na watu wa nchi za mbali wanauotesha kwenye bustani zao kwa uzuri wake. Mtoto akamtazama kwa mshangao. Hakujua kwamba kitu alichokiona tangu utotoni kinatafutwa ulimwenguni.

Na nyinyi biharusi, niwaulize: mnajua manukato yenu yanatoka wapi? Kilua tunachotia kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani ni ua la mti wa misitu ya mwambao wetu huu. Na udi, huo tunaofukiza nguo, nywele na chumba, ni moyo wa miti ya misitu ya mvua ya Asia ya Kusini Mashariki. Mti mzima hauna harufu hiyo. Ni mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na ukungu ndipo unatoa utomvu mweusi wa kujikinga, na utomvu huo ndio udi. Kwa sababu miti hiyo imekatwa mno, biashara yake duniani sasa inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Nasema haya kwa sababu tunadhani msitu hautuhusu. Harusi ya Kiswahili ukiitoa mitini, hainukii.

Jua lilipoanza kulala tulirudi sehemu ya wazi karibu na lango. Tulikuwa na udhu wetu, na chupa ya maji kwa atakayeuhitaji. Mtembezaji akaadhini, mume wangu akasalisha, mimi na mtoto tukasimama nyuma kwenye kanga moja niliyoitandika. Kwenye sijda nilisikia majani yakidondoka, moja hapa, moja kule. Nikaikumbuka aya ya Surat Al-An'am inayozungumzia ujuzi wa Mola wetu, ambao haulikosi hata jani. Nikaomba dua ambayo sitaiandika hapa.

Tulipomaliza, popo wakatokea. Popo wa Pemba ni wakubwa ajabu, mabawa yakitandazwa yanakaribia urefu wa mtu mzima, na uso kama wa mbwa mdogo. Wapo kisiwa hiki tu. Kuna wakati waliwindwa na miti yao kukatwa hadi wakabaki wachache wa kutia hofu, kisha wanavijiji wenyewe wakashika ulinzi, kama pale Kidike, na wakaongezeka tena. Wanakula matunda na kupeleka mbegu mbali. Mtoto aliwahesabu hadi wakamshinda.

Hapo mtembezaji akasema, "Sasa, kama mnataka, nikuonesheni bundi."

Nilimwona mtoto akikakamaa. Mume wangu akafungua mdomo kukataa, nadhani. Lakini mtoto alikuwa ameshauliza, kwa sauti ndogo, "Yuko karibu?"

"Karibu. Na hana habari na wewe."

Akafikiri. Kisha akasema twende, lakini asiwe wa mwisho. Tukampanga kati. Mtembezaji mbele na tochi, kisha mume wangu, kisha mtoto, kisha mimi.

Tulirudi ndani hatua chache tu. Msitu wa usiku una sauti nyingi, vyura na wadudu, na baina ya sauti hizo ikatoka moja peke yake. Huu. Kimya. Huu. Mkono mdogo ukarudi nyuma ukashika upindo wa kanga yangu. Sikuushika ule mkono. Niliusogeza mguu wangu karibu, basi.

Wapenzi, tuzungumze kidogo hapa. Wengi wetu tumelelewa kwamba bundi akilia kuna mtu atakufa, na bundi akilia kwenye fungate ndoa haina umri. Nimewaona biharusi wakilia kwa sababu ya ndege. Waarabu wa zama za ujahiliya nao walikuwa na mambo haya ya mikosi ya ndege, na bundi hasa, na Mtume wetu (S.A.W.) aliyakanusha waziwazi. Ajali iko kwa Allah. Ndege hana kalamu. Hili tunalijua darsani, lakini mtoto wa miaka tisa haponi kwa darsa. Na watu wazima wengi pia.

Mtembezaji aliigiza sauti ile kwa midomo yake. Ikajibiwa. Akaigiza tena. Kitu kikapita juu yetu bila kishindo, kikatua kwenye tawi. Akawasha tochi, si machoni mwake, pembeni kidogo.

Bundi wa Pemba ana urefu wa kama sentimita ishirini. Ukimweka kwenye kiganja na kifundo cha mkono, amemaliza. Rangi yake ni ya hudhurungi ya kuelekea wekundu, kama kutu, macho manjano. Alitutazama kama mtu aliyeamshwa na wageni.

"Mdogo," mtoto akasema.

"Ndiyo mkubwa huyo," mtembezaji akajibu. "Na hayupo pengine duniani. Hayupo Unguja, hayupo Bara. Kwenu tu."

"Anakula nini?"

"Wadudu. Nondo, panzi, mende."

Tukakaa kimya. Bundi akageuza kichwa. Mtoto hakutoa macho kwake, na bado ameshika kanga yangu. Kisha akasema, taratibu, kama anayefanya hesabu:

"Usiku ule taa ya uani haikuzimwa. Watu walikuwa wanaingia na kutoka. Nondo walikuwa wengi."

Hakuna aliyejibu. Mume wangu alikuwa ametupa mgongo na mabega yake yakawa hayako sawa. Mtembezaji, ambaye hakuwa akijua lolote, akasema tu, "Naam. Penye taa pana nondo, na penye nondo atafika."

"Basi alifuata nondo," mtoto akasema.

Tochi ikazimwa. Tukatoka. Hakuiachia ile kanga mpaka langoni.

Sitakudanganyeni kwamba tulirudi mama na mwana. Hajaniita mama, wala sijamtaka aniite. Mama yake ni mmoja na Allah amrehemu. Mimi ni "Anti", na siku akikasirika narudi kuwa "weye". Lakini sasa jioni anakwenda uani mwenyewe, na kuna usiku amekuja kuniamsha kwa sababu kuna sauti mwembeni na anataka tochi.

Nimejiuliza kwa nini msitu uliweza lile ambalo darsa, zawadi na upole wangu wa siku saba havikuliweza. Naona ni kwa kuwa hatukwenda kumtengeneza mtu. Tulikwenda kutazama vitu vya Allah, na tukaonyeshwa na mtu anayevijua. Hofu ya kitu inalishwa na masimulizi ya wasiokijua, iwe bundi, iwe mama wa kambo, iwe Pemba yenyewe ambayo sisi wa Unguja tunaisemea mengi bila kufika. Ukikisogelea kwa utulivu, na kiongozi mwema mbele, unakikuta na kimo chake cha kweli.

Ukitaka kwenda

Nguo: suruali pana au soksi ndefu chini ya dira au baibui fupi kidogo, na soksi uziingize suruali ndani, kwa ajili ya siafu na kupe. Mtandio uwe wa pamba. Wa kuteleza utashikwa na miiba na utakuwa kazi yako siku nzima. Viatu vya kufunika vyenye soli ya kushika. Manukato yaache nyumbani, mbu na nyuki hawajui kwamba wewe ni biharusi.

Wakati: masika, Machi hadi Mei, njia zinakuwa tope tupu. Asubuhi ni nzuri kwa ndege. Jioni kwa popo na bundi. Kwa matembezi ya usiku kubaliana na ofisi ya msitu mapema, usifike ghafla.

Sala: toka na udhu, beba chupa ya maji na kanga ya kuswalia. Mweleze mtembezaji tangu mwanzo kwamba mtasimama kwa sala, atapanga njia.

Adabu: usichume ua, usitupe ganda, usimmulike ndege machoni. Na lipa kiingilio bila kunung'unika. Mti usio na thamani kwa wanaoishi jirani nao hugeuka mkaa.

Na kama unaingia nyumba yenye watoto waliofiwa au waliotengana na mama zao, wachukue pamoja nawe. Usipange maneno ya kuwaambia njiani. Waache watangulie.

Allah azitie baraka ndoa zetu, awarehemu waliotutangulia katika nyumba hizi, na atujaalie tuwe watu wa amani kwa watoto tuliowakuta. Amin.